Unataka Kuhifadhi Mabadiliko?

Kituo chetu kilikuwa ukumbi wa nyuma wa kanisa, Karatu mjini, ule ambao kwaya hufanyia mazoezi. Kompyuta zilikuwa nne. Ya tano ilikuwapo pia, lakini tangu nifike haikuwahi kuwaka, na tulikuwa tunawekea mikoba na masweta juu yake, kwa hiyo sina hakika kama nina haki ya kuihesabu. Wanafunzi tulikuwa wachache, wote watu wazima, wote wenye kazi, na tulikutana Jumamosi tu. Siku nyingine kila mtu alijisomea alikojua.

Hiyo ndiyo elimu ya masafa. Unajiandikisha, unapewa moduli, yaani vitabu vyembamba vya kila somo, unaondoka navyo. Mwalimu ni kile kitabu. Ukikwama siku ya Jumatatu, utabaki umekwama mpaka Jumamosi, labda uwe na mtu wa kumpigia simu, na mimi sikuwa naye. Nilikuwa nasomea kazini. Nafanya kazi ya kufua kwenye loji moja iliyo njiani kuelekea geti la Ngorongoro, na mashine za londri zikishaanza kuzunguka hakuna la kufanya ila kusubiri. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwenye mashine, nikasoma. Kitabu kilitetemeka na mimi nikatetemeka. Wenzangu walinicheka, lakini si kwa ubaya.

Shuleni niliishia darasa la saba, huko Kansay. Hakuna aliyenizuia kuendelea. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia mwanamke kaishia la saba wanaanza kumtafuta baba wa kumlaumu. Baba yangu hakuwa na kosa. Nilifanya mtihani, nikafeli, tukarudi kwenye ngano na maharage. Nilipoanza tena nilikuwa na watoto wawili shuleni. Nilifanya Mtihani wa Maarifa, ule unaomruhusu asiyesoma sekondari kufanya mtihani wa kidato cha nne, nikapita kwa kubahatisha, nadhani, halafu nikaanza kujiandaa na kidato cha nne. Somo la kompyuta sikulichagua kwa sababu nilikuwa na ndoto yoyote. Nililichagua kwa sababu fizikia ilinishinda.

Aliyekaa kompyuta ya jirani na yangu ndiye ninayetaka kumwandika. Alikuwa askari wa duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, Mmasai wa Malambo, mtu wa umri wa kaka yangu mkubwa. Alikuja kituoni amejifunga lubega yake, na rungu aliliacha mlangoni, kwa hiari yake, hakuna aliyemwambia. Siku ya kwanza alinisalimia Kimasai, nadhani kunijaribu.

"Takwenya."

"Iko," nikajibu.

"Ah! Nani kakufundisha?"

"Nafanya kazi na wenzako. Loji nzima askari ni nyinyi."

"Lakini wewe Mmbulu."

"Mmbulu wa Kansay."

"Basi nyinyi ndio mlikuwa mnachimba nyumba chini ya ardhi kwa kutuogopa."

"Hatukuwa tunawaogopa. Tulikuwa tunaficha ng'ombe wetu, kuna wezi walikuwa wanapita."

"Ng'ombe wenu!" Alicheka mpaka mwalimu akageuka. "Dada, wale walikuwa wetu. Nyinyi mlikuwa mnatuchungia tu."

Tangu siku hiyo tukawa tunakaa pamoja. Yeye aliniita dada, au Mmbulu akitaka kunichokoza, na mimi nikamwita kaka.

Yeye, tofauti na mimi, alikuwa na sababu. Kijijini kwao ulikuwa umeingia mradi wa maji, kisima kirefu chenye pampu ya jua, na kamati ilihitaji mtu wa kutunza kumbukumbu za mradi kwenye kompyuta. Wazee walimtaja yeye. Waliotoa mradi wakasema sawa, hatuna neno, ila awe na cheti cha kidato cha nne na kompyuta iwemo kwenye hicho cheti. Walikubali kusubiri matokeo ya mwaka ule. Mwaka ule tu. Yasipokuwa mazuri, au asipofanya mtihani, wangeleta mtu kutoka Arusha.

"Nikipata, nalala kwangu," aliniambia. "Nikikosa, naendelea kulala kwenye saruji ya mtu."

Hakuwa anasema kwa mfano. Alikuwa analala kati ya mifuko ya saruji, nyuma ya lile duka, na alikuwa amelala hapo miaka mingi. Nyumbani alikwenda likizo, kama mgeni, na kama mgeni alirudi.

Mwalimu wetu, ambaye moduli zinamwita mwezeshaji lakini sisi tulimwita mwalimu, alikuwa kijana kutoka Kilimanjaro. Siku za kazi alikuwa ofisini kwenye kampuni ya kupeleka watalii, na Jumamosi alitufundisha sisi. Angeweza kuwa amelala. Nataka hilo likumbukwe, kwa sababu hayo yaliyotokea baadaye wapo waliotaka kumwangushia yeye, na mimi sioni kama ni haki.

Alichofanya ni hiki. Moduli zilikuwa za Kiingereza, na mtihani ungekuja kwa Kiingereza, na Kiingereza chetu, bila kuficha, kilikuwa cha kuunga. Aliona tunahangaika, tunabonyeza bila kujua tunabonyeza nini. Basi Jumamosi moja tulikuta kompyuta zote zinazungumza Kiswahili. Alikuwa amezibadilisha.

"Mkono ujifunze kwanza," alisema. "Maneno ya Kiingereza tutayaweka juu yake polepole."

Tulifurahi. Lakini Kiswahili cha kompyuta nacho kina mambo yake. Alianza kutuonyesha.

"Hii ni Kata. Unachagua neno, unabonyeza Kata, linaondoka."

"Kata?" akauliza askari wetu. "Sisi kata yetu ni Malambo. Ikibonyezwa na yenyewe itaondoka?"

Watu wakacheka. Mwalimu pia.

"Baba, hii ni kata ya kukata. Kama kisu."

"Na likishaondoka linakwenda wapi?"

"Linasubiri. Ukitaka kuliweka mahali pengine unabonyeza Bandika."

"Kubandika si ni sufuria?" nikauliza mimi.

"Huyu mama anawaza makande tu," akasema dada mmoja mwenye duka la simu, mtu wa Moshi, ambaye alikuwa haachi neno lipite. "Mwalimu, mpe jiko, kompyuta ataiunguza."

Tuliendelea hivyo. Dirisha, ambalo si dirisha. Kipanya, ambacho mwenye duka la simu alikitishia kwa kiatu. Kabrasha, yaani folda ya kuwekea kazi, ambalo wengi wetu tulikuwa hatujawahi kulisikia kwa lugha yoyote. Kila neno lilikuja na kicheko chake, na nadhani hiyo ndiyo sababu neno moja lilipita bila kicheko na hakuna aliyegundua. Mwalimu alisema ukimaliza kazi uihifadhi, sote tukaitikia, tukaendelea.

Halafu ikaja kazi ya mradi. Kila mwanafunzi aandike hati yake mwenyewe, aya kadhaa na jedwali, kuhusu kazi anayoijua. Tungeiandika kidogo kidogo, Jumamosi kwa Jumamosi, tukiirekebisha, na mwisho mwalimu angezikusanya zote kwenye flashi na kuzipeleka Arusha. Asiyekuwa na kazi ya mradi asingeingia kwenye mtihani wa somo hilo. Hilo lilisemwa mapema na likarudiwa, hakuna anayeweza kusema hakusikia.

Mimi niliandika kuhusu madoa. Sikuwa na kingine. Jedwali langu lilikuwa na safu ya doa, safu ya sabuni, na safu ya maji ya moto au baridi. Mvinyo, mafuta ya kujipaka ya jua, na lile vumbi jekundu la njia ya getini ambalo likilowa kabla hujalikung'uta ndiyo basi tena, shuka halirudi. Nilijiona mjinga kuandika mambo ya kufua kwa Kiingereza ili yasomwe Arusha. Bado nafikiri kidogo nilikuwa mjinga, lakini nilipewa alama.

Yeye aliandika kuhusu maji ya kijiji chao: zamu za kunywesha. Ndama wanakuja wakati gani, ng'ombe wakubwa wakati gani, mbuzi, punda, na watu wanaochota kwa ndoo wanapita upande upi wasikanyagwe. Alichapa kwa kidole kimoja cha kila mkono, polepole, mdomo unatamka herufi. Na kila Jumamosi nilimkuta ameanza ukurasa mweupe. Anaandika kichwa cha habari, anaandika aya ya kwanza, anachora jedwali, anajaza. Mwalimu anapita nyuma yake, anaangalia, anasema, "Safi sana, baba, endelea hivyo hivyo." Anaendelea.

Mimi nilidhani anafanya mazoezi. Mwingine angedhani nini? Mtu mzima aliyenizidi umri, anaandika kitu kilekile kila wiki na kila wiki kinazidi kuwa kizuri. Jedwali la kwanza lilikuwa limepinda, punda wameingia kwenye mstari wa mbuzi. Baada ya Jumamosi kadhaa lilikuwa limenyooka kama limepigwa kwa rula, na alikuwa analimaliza mimi bado natafuta herufi zangu. Nilimwonea wivu, nikae nao moyoni kwa nini. Nilimwambia hata siku moja, "Kaka, wewe utatuacha." Akasema, "Mmbulu, mazoea tu."

Ikafika Jumamosi ya kukusanya. Tulikuja mapema, na mwalimu alikuwa na flashi yake imening'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa na safari: gari la kwenda Arusha lilikuwa la mchana, na mtu wa kuzipokea alikuwa anamsubiri. Akaanza kompyuta moja baada ya nyingine, anafungua kabrasha la mtu, ananakili, anaita anayefuata. Ya mwenye duka la simu ikachukuliwa. Yangu ikachukuliwa. Akafika kwa jirani yangu.

"Baba, kazi yako iko wapi?"

"Iko humo."

"Humu hamna kitu."

"Iko humo, mwalimu. Umeiona mwenyewe wiki iliyopita."

"Niliiona kwenye kioo. Humu ndani hamna. Hata moja. Ulikuwa unaihifadhi wapi?"

Hapo yule askari, ambaye kituoni wengi tulimhesabu mzee wetu, akakaa wima. Aliangalia kioo, akamwangalia mwalimu, na akajibu kwa sauti ya mtu ambaye hataki kuonekana amekasirika.

"Sikuihifadhi. Mimi sihifadhi."

"Sasa ukimaliza ulikuwa unafanyaje?"

"Nafunga. Nikifunga inaniuliza, unataka kuhifadhi mabadiliko. Chini kuna mahali pa kusema Hifadhi na mahali pa kusema Usihifadhi. Nabonyeza Usihifadhi."

"Kwa nini?"

"Mwalimu," alisema, "kwetu ukiulizwa hilo swali jibu linajulikana. Karatasi ikija ina neno hifadhi na neno mabadiliko, hakuna mtu anayesema ndiyo kabla ya mkutano. Wazee wametuambia hivyo, na wanawake wametuambia zaidi. Mimi nikaona huyu ananiuliza kila Jumamosi, kila Jumamosi, kama wale wale wa karatasi. Nikaona wameweka na Usihifadhi. Nikasema afadhali, hata kompyuta inatupa nafasi ya kukataa."

Mwenye duka la simu alicheka kwa nguvu, akafunika mdomo. Wengine wakacheka. Mimi nilicheka pia, naandika ukweli, kwa sababu ilichekesha. Na yeye mwenyewe alitabasamu, mpaka mwalimu alipokaa kwenye kiti akashika kichwa, na hapo sote tukaelewa kwamba mtu huyu hana kazi ya mradi, na asiye na kazi ya mradi hana mtihani, na asiye na mtihani mwaka huu hana Malambo.

Nimeliwaza sana lile neno. Sisi wa Karatu tukisema hifadhi, wengi tunasema riziki. Mshahara wangu unatoka huko. Wageni wanakuja kwa ajili ya hifadhi, wanalala loji, wanachafua mashuka, nafua, watoto wangu wanakula. Kwake yeye neno ni lilelile, herufi zilezile, na linamaanisha mahali ambapo ng'ombe akivuka kuna maneno. Siwezi kusema mimi nimekosea wala siwezi kusema yeye kakosea. Na kwa kompyuta ni neno la tatu kabisa, halina tembo wala ng'ombe. Mwalimu alikuwa kijana wa Kilimanjaro. Kwao hifadhi ni mlima na msitu juu huko. Asingeweza kuliona hilo. Mimi labda ningeweza kuliona, lakini sikuliona.

Mwenye duka la simu, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali lakini moyo si mbaya, ndiye aliyesema kwanza.

"Jamani, si tunakili ya mtu? Tuchukue ya huyu mama wa madoa, tubadilishe maneno. Askari si anafua lubega yake? Itakwenda."

Watu wakaniangalia. Nikasema mimi sina pingamizi, kama mwalimu anakubali. Moyoni sikujua kama nasema kwa wema au kwa kutaka nionekane mwema. Mwalimu akasema hapana. Alisema kule Arusha wanazisoma, na zikifanana tunaondolewa wote wawili, na hata kama wasingezisoma yeye asingeweza kusaini.

"Basi nimchapie," nikasema. "Yeye aseme, mimi nichape."

"Hiyo nayo si kazi yake, mama."

Hapo mzee mwenyewe akainua mkono, kama tulivyokuwa tunainua shuleni.

"Mwalimu, gari lako linaondoka saa ngapi?"

Mwalimu akamwambia.

"Ninaandika," akasema, na akageukia kompyuta.

Mwalimu aliangalia saa. Nadhani alihesabu kwamba haiwezekani. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa naye jirani, na mimi nilijua kwamba inawezekana. Kichwa cha habari kiliandikwa kabla mwalimu hajafika kwenye kompyuta inayofuata. Hakusoma popote. Hakuwa na karatasi. Vile vidole viwili vilikwenda kama vinatembea njia ya nyumbani.

Katikati ya aya ya pili ikaingia kwaya. Kulikuwa na harusi kesho yake, na ukumbi ulikuwa zamu yao. Mwenyekiti wao, mama mmoja mrefu, alisimama mlangoni na kinanda kimebebwa nyuma yake.

"Tumsifu, jamani. Saa yetu imefika."

Mwalimu akaenda kumweleza kwa sauti ya chini. Yule mama akamwangalia mzee, akaangalia lile rungu mlangoni, akauliza, "Anaandika nini?"

"Kazi ya mtihani. Asipoimaliza sasa hivi anakosa mwaka."

"Sisi tukiimba tutamsumbua?"

Mzee hakugeuka. "Mama, mimi nalala kwenye duka la mabati. Imbeni tu."

Wakaimba. Walisimama upande wa pili wa ukumbi, wakaanza wimbo wa kumpokea bibi harusi, wakasimama, wakaurudia kwa sababu besi walikuwa wanachelewa, wakasimama tena. Na katika kelele hizo yeye alikuwa anawapanga ndama na punda wake. Mwenye duka la simu alikuwa amesimama nyuma yake anasoma kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye jedwali alisema, "Ona, kalichora bila kuangalia," na mwalimu akamwambia anyamaze, kwa heshima lakini kwa haraka, na mara ya kwanza tangu nimfahamu akanyamaza.

Alipomaliza alipeleka mkono kwenye kufunga, kama alivyozoea. Swali likaja. Mkono ukasimama.

Mwalimu alikuwa ameshaweka flashi. Alisema, "Baba, bonyeza Hifadhi."

Hakubonyeza. Aliniita mimi.

"Dada. Nikisema ndiyo hapa, naweza kuitoa tena?"

"Unaweza."

"Bila kibali?"

"Bila kibali. Ni yako."

"Na wewe yako ulishaitoa? Umeona kwa macho?"

"Kila Jumamosi naitoa, naongeza, naiweka. Haijawahi kupungua hata mstari."

"Nani anaweza kuingia kunibadilishia?"

Hapo nilitaka kusema hakuna mtu. Lakini kompyuta zilikuwa za kituo, na Jumamosi mbili nyuma mwenye duka la simu alikuwa amefungua yangu akidhani ni yake akanifutia mstari wa mvinyo. Nikamwambia ukweli. "Mtu akikaa hapa anaweza. Ndiyo maana mwalimu anaichukua leo."

Alilisoma tena lile swali kwenye kioo. Kwaya walikuwa wanatafuta sauti. Nilifikiri nimeharibu, ningemwambia hakuna mtu, angeshabonyeza. Halafu akasema, "Sawa. Umesema vizuri," akabonyeza.

Hakutosheka. Alimwambia mwalimu afungue aone. Mwalimu, na gari lake likiwa linakaribia kuondoka, akafungua. Hati ikatoka yote, jedwali limenyooka. Mzee akaisoma kuanzia juu, mstari kwa mstari, kama mtu anayehesabu mifugo ikiingia bomani. Akasema, "Zote zipo." Mwalimu akanakili, akachomoa flashi, akatoka mbio, na mwenye duka la simu akampigia dereva anayemfahamu pale stendi amshikilie gari. Sijui kama dereva alisubiri au gari lilikuwa limechelewa lenyewe. Mwalimu alisema alilikuta.

Mtihani wenyewe tulifanyia kwenye sekondari moja ya pale mjini, tukiwa na wanafunzi wa sare ambao walitusalimia shikamoo wakidhani sisi ni wasimamizi. Kwenye mtihani wa vitendo tulipewa hati ya kuchapa na jedwali la kuchora, kwa muda maalumu, kwa Kiingereza. Mimi sikumaliza jedwali. Yeye alimaliza akabaki amekaa, mikono mapajani, na nilimwona akirudi mara mbili kuhakikisha kazi ipo. Wako wanaosema zile Jumamosi zote za kuanza upya ndizo zilizomsaidia. Inawezekana. Inawezekana pia ana kichwa kizuri kuliko changu, na angefaulu hata bila hayo. Sitaki kugeuza bahati mbaya ya mtu kuwa mpango.

Matokeo yalipotoka niliyaangalia kwa simu, nikiwa na mashuka ya kuanika begani. Yangu yalikuwa ya kupita: kompyuta nilipata D, Kiswahili C, Kiingereza nilifeli, na nimejiandikisha tena. Yake yalikuwa C ya kompyuta na cheti kamili. Nilimpigia. Hakupokea, alikuwa zamu. Jioni alikuja mwenyewe mpaka geti la nyuma la loji, askari wenzake wakamfungulia, akasimama kwenye kamba za nguo.

"Dada, wamesema nije."

"Lini?"

"Wamesema hata kesho. Nimemwambia tajiri wa duka, amekasirika. Ameniuliza nani atamlindia saruji. Nimempa binamu yangu kutoka Oloipiri. Ameuliza kama binamu ni mwaminifu. Nimemwambia simjui sana, ni binamu tu."

"Kwa nini humsifu?"

"Na akiiba? Itakuwa mimi niliyesema."

Tulicheka. Aliondoka na gari la Jumanne, na godoro lake limefungwa juu. Sikwenda kumuaga kwa sababu nilikuwa kazini, na nilimwambia hivyo mapema ili asinitafute kwa macho.

Tumeongea kwa simu mara chache. Mtandao kwao unashika mtu akipanda kwenye ngazi ya tenki la maji, na upepo unaingia kwenye simu mpaka unaona kama anaongea kutoka ndani ya gunia. Mara ya mwisho nilimpigia mchana, kumuuliza habari ya jedwali moja kwenye moduli mpya ambalo lilikuwa linanisumbua. Alianza kunieleza, bonyeza hapa, vuta pale. Nikasikia sauti ya mwanamke chini, inaita kwa Kimasai, inaita tena.

"Nani huyo?"

"Mama watoto. Anasema chai iko tayari, nishuke."

"Mwambie dakika mbili, unifafanulie."

Alimwambia. Yule mama akajibu kitu kirefu, na yeye akacheka kwenye simu.

"Dada, amesema miaka yote hiyo chai ilikuwa inanisubiri mimi. Leo haisubiri. Nishuke."

"Haya, shuka," nikamwambia.

Nikasikia miguu yake kwenye ngazi ya chuma, halafu mtandao ukakatika.